"The Machine Stops": sehemu ya tatu ndiyo yenye makali

Hadithi hii (yaani "Mtambo Unasimama") ya mwandishi Mwingereza E. M. Forster ilitoka mwaka 1909, redio ikiwa bado haijaingia majumbani. Ina maneno 12,000 hivi. Saa moja na ushee unaimaliza.

Vashti anaishi chini ya ardhi, katika chumba cha pembe sita chenye vitufe vya chakula, muziki na maji ya moto. Anamwona mwanawe Kuno kwenye sahani inayong'aa kwa mwanga wa buluu, ila sahani haipitishi mabadiliko madogo ya uso. Watu walishakubali kwamba inatosha. (Wanaoshinda kwenye mikutano ya video wanaijua hali hiyo.)

Katika sehemu ya tatu, Mtambo unaoendesha maisha yao yote hauzimiki kwa kishindo. Kwanza muziki unaingiwa na mihemo ya ajabu. Kisha maji ya kuoga yananuka, matunda bandia yanaota ukungu, mashine ya mashairi inatoa vina vibovu. Kila kasoro inalalamikiwa, halafu inazoeleka. Vitanda vinapoacha kutokea, Kamati inayosimamia matengenezo inakiri kuwa chombo cha matengenezo chenyewe kimeharibika, na hakuna binadamu hata mmoja anayeuelewa mtambo mzima. Kila fundi anajua kipande chake tu. Hapo Forster anaichambua ahadi ya maendeleo kwa ukali kuliko katika hotuba zote za Kuno.

Na hotuba ni nyingi. Sehemu ya pili karibu yote ni Kuno akisimulia alivyopanda juu ya ardhi, na mwisho unaelekea kwenye mahubiri. Anayetafuta mapigano na kukimbizana atachoka mapema.