Mkia wa mama mkwe

Sijawahi kuandika maoni kuhusu mgahawa. Nakula, nalipa, naondoka, pakinichefua sirudi. Lakini la Jumapili ile limenikaa kooni, na mume wangu keshachoka kunisikiliza, kwa hiyo sasa ni zamu yenu.

Tunaishi Houston, upande wa kusini magharibi, karibu na ile barabara ya Bellaire. Ukiifuata ukavuka Beltway 8, vibao vya maduka vinageuka Kivietinamu na Kichina kushoto na kulia, hadi unajiuliza kama bado uko Texas. Wavietinamu walianza kumiminika huku baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mwaka 1975, wengine wakaenda kuvua kamba Ghuba ya Meksiko, wengine wakafungua migahawa. Basi phở, ile supu yao ya tambi na nyama ya ng'ombe, kwetu ni kama chipsi mayai kule nyumbani, huendi mbali hujaikuta. Mgahawa wenyewe siutaji jina. Jioni ile ningeutaja kwa herufi kubwa, na anwani juu.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Marangu. Wiki ya pili tu alikuwa ameshakishindwa chakula cha Marekani: mkate mtamu, kuku mtamu, hata maharage matamu. "Hivi hawa watu chumvi inawauma?" Akaanza kuota supu. Mchaga na supu mnawajua wenyewe, sina haja ya kueleza. Na mimi, mtu wa Muheza niliyeolewa mlimani, miaka yote hii napikia ukwe huu na bado mtori wangu unaitwa "uji wa ndizi". Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikamwambia, mama, kuna watu hapa wanachemsha mifupa ya ng'ombe usiku kucha, na kwao wanainywa asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama sisi na chapati zetu.

Akaniangalia. "Na mkia wanao?"

"Wanao, mama."

Hilo "wanao" ndilo lililoniponza.

Tulikwenda baada ya kanisa, watu tisa: sisi wawili, watoto wawili, mama, shemeji yangu, rafiki zetu wa Mombasa mtu na mkewe, na jirani yetu wa Bukavu ambaye hakualikwa ila alisikia neno supu. Kuegesha gari dakika ishirini. Ndani kelele, sakafu inateleza kidogo, meza zina vioo juu, na pembeni mwa mlango kuna kile kibanda chekundu cha ibada sakafuni, machungwa na ubani vikiwa mbele yake. Mama akanong'ona, "Hawa nao wana matambiko." Kwa sauti ya mtu aliyeanza kupaamini.

Nitakuwa mkweli hapa, maana hasira isinifanye mwongo: chakula ni kizuri. Ni kizuri mno, ndiyo maana inauma. Bakuli la phở likiwekwa mbele yako, mvuke ukikupanda puani, kama umekulia pwani unafumba macho. Mdalasini, karafuu, iliki ile nyeusi, tangawizi na kitunguu vilivyochomwa kwanza kwenye moto mpaka vikaungua ngozi. Ni sufuria ya pilau iliyoamua kuwa supu. Pembeni sinia la majani: mrehani wao wenye shina la zambarau, machipukizi ya choroko, ndimu, pilipili za kijani. Nasikia Hanoi hawana mambo ya majani mengi, huo ni ulimbwende wa kusini, watu wa kaskazini walipohamia huko na supu yao baada ya nchi kugawanywa mwaka 1954. Jirani wa Bukavu alitafuna pilipili nzima, akatangaza ni ya watoto, akaomba nyingine.

Rafiki zetu wa Mombasa hawakugusa nyama, kwa kuwa haijachinjwa kwa utaratibu wao. Wakachukua tambi kavu na kamba wa kuchoma wenye harufu ya mchaichai, wakaridhika kutuzidi sote. Shemeji akaagiza cơm tấm. Sahani ikafika, mama akainama, akachota punje kwa kidole, akazisogeza machoni.

"Hizi ni chenga."

Ni kweli, ni chenga. Ule mchele uliovunjika ambao kwao ulikuwa chakula cha maskini, leo unauzwa ghali na yai juu. Mama alicheka hadi akatoa leso. "Tumevuka bahari kuja kula chenga!" Akaletewa na kahawa yao, ile nyeusi nzito inayodondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo, kisha inamiminwa kwenye barafu. Mwanamke huyu amevuna kahawa tangu akiwa binti. Alionja mara moja tu. "Hii siyo ya kwetu. Hii ni kama ya Bukoba." Na kweli, Vietnam wanalima robusta, jamii ile ile ya Kagera. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilijivuna kama niliyeipanda mwenyewe.

Yaani hadi hapo nilikuwa nimefaulu. Nilikuwa nasikia kabisa simu itakayopigwa Marangu: mkamwana wetu katupeleka mahali.

Mkia wake ulikuja, vipande vitatu vikubwa ndani ya bakuli. Sasa mama mkwe ana utaratibu wake, na ni utaratibu wa kila mtu mwenye akili: anaanza na vya kujaza tumbo, kitamu anakiweka mwisho. Alimaliza tambi zote. Akanywa supu nusu. Mkia hakuugusa. Akajaribu vile vijiti mara moja kuwafurahisha wajukuu, vikamshinda, akavilaza vizuri juu ya bakuli, sambamba kama reli. Kisha akasimama kwenda kunawa, maana mfupa haupigwi kwa uma. Kwetu maji yangemfuata mezani au bomba lingekuwa hapo ukutani. Hapa mpaka chooni nyuma, na kulikuwa na foleni.

Mimi wakati huo nilikuwa chini ya meza natafuta kiatu cha mtoto. Ndiyo, chini ya meza. Msinianze.

Nilipoinuka, mahali pa bakuli palikuwa na alama ya maji na kitambaa kinapita. Kijana mmoja, hata ishirini sidhani kama amefika, kitu kimoja kimeziba sikio la kushoto, amebeba beseni la plastiki la kijivu limejaa vyombo, anaondoka zake. Nikamwita. Hakusikia. Nikamwita tena kwa sauti ambayo huwa naitumia kwa mbuzi.

"Bakuli la mama liko wapi?"

"Alikuwa amemaliza."

"Hajamaliza! Mkia wote ulikuwa humo!"

Akainua mabega. Akainua mabega, jamani! "Vijiti vilikuwa juu," akasema, kana kwamba hilo ni jibu, akaingia jikoni. Hakuna samahani, hakuna pole, hakuna hata kuchungulia ndani ya beseni.

Na hapo ndipo mama alipotokea, mikono imelowa, ameinyanyua mbele yake asiguse kitu, kama daktari anayeingia kupasua. Akatazama meza. Akatazama mimi.

"Mkia wangu uko wapi?"

Watu wanane kimya. Hata mtoto alinyamaza. Mume wangu akarukia, mama tutaagiza mwingine. Tukaagiza. Umeisha! Jumapili mkia huisha mapema, tuliambiwa, wanaojua huja asubuhi. Kwa hiyo mkia wa mwisho wa mgahawa mzima ulikuwa wa mama mkwe wangu, na ulikuwa umelala kwenye pipa la taka juu ya maganda ya ndimu.

Nikaenda kaunta. Sikumbuki kutembea. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo ya mama mkwe, miwani imening'inia kifuani, anapiga hesabu. Nilimwaga yote, Kiingereza kikinikimbia kila sentensi ya pili. Nilisema maneno kuhusu heshima. Nilisema mtu amesafiri bara zima. Nadhani nilisema neno polisi, sijui kwa nini.

Hakunijibu. Aligeuka akaita jikoni kwa Kivietinamu, na ingawa sielewi hata neno, nilielewa kila kitu. Kila lugha ina sauti ile. Kijana akatoka, sikio limezibuliwa. Yule mama akanyoosha kidole kwenye meza yetu. Kijana akaenda hadi kwa mama mkwe, akakunja mikono yote miwili kifuani kama mtoto wa chekechea, akainamisha kichwa, akasema maneno machache taratibu.

Mama mkwe akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akaitikia:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hapa naomba nieleweke. Nilikuwa bado nimekasirika. Nilikuwa na haki yangu ya kukasirika, nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Lakini utaendeleaje kugomba wakati mkosewa mwenyewe ameshaitikia shikamoo na anauliza kijana ametoka ukoo gani?

Yule mama wa kaunta ndiye aliyenieleza habari ya vijiti. Kwao ukivilaza juu ya bakuli umesema nimeshiba, ondoeni. Kwa hiyo kijana alisoma alama aliyofundishwa kwao. Sawa. Nimeelewa. Nilipofika kwenye gari nikawa sijaelewa tena, maana alama gani hiyo inayozidi macho? Vipande vitatu vya nyama vimetulia kwenye supu, wewe unasoma vijiti! Na kule si mahali pa kukaa kupiga soga, hilo nalijua, phở ni ya kula haraka na kumpisha mwenzio aliye mlangoni. Lakini haraka ya namna gani hiyo ya kumpiga mtu bao kwenye bakuli lake?

Yule mama wa kaunta akaleta bakuli jingine kwa mikono yake mwenyewe. Halikuwa na mkia. Ilikuwa mifupa ya kwenye sufuria kubwa, ile iliyochemka usiku kucha hadi ladha yote ikahamia kwenye supu. Myeupe, laini, haina nyama. Nikafikiri hii ni dharau ya pili. Mama mkwe akachagua mmoja, akaugonga kwenye sahani mara tatu, meza za jirani zikageuka, uboho ukatoka mzima. Akaula akiwa amefumba macho. Yule mama wa kaunta alisimama pale pale, mikono mgongoni, hakuondoka mpaka alipouona umeisha. Wakatikisiana vichwa. Sijui walikubaliana nini.

"Siyo mkia," mama akasema. "Lakini mtu kajitahidi."

Basi nikapoa. Nikawa tayari kuandika nyota tano na kumsifu mtu. Ndipo bili ikaja.

Asilimia 18 ya huduma imeshajumlishwa, kwa kuwa tulizidi watu sita. Imeandikwa kwenye menyu, chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na mchwa. Huduma! Huduma ipi, ya kuondoa vyombo? Maana kwa kuondoa vyombo nakiri hakuna wa kuwazidi. Mkia nao umo kwenye bili, bei kamili. Na ile mashine ya kadi ikanigeukia na kuniuliza kama ningependa kuongeza bakshishi: 20, 22, au 25. Nilibonyeza hapana kwa kidole kinachotetemeka. Nikageuka nikamwona mume wangu anachomeka noti chini ya chupa ya pilipili, anajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Ningeweza kurudi kudai mkia utolewe kwenye bili. Pengine yule mama angeutoa bila neno, alisahau tu kwa msongamano. Mama mkwe alinishika mkono. "Acha, mwanangu. Kijana ana adabu, ameniamkia." Mpaka leo sijamwambia kwamba ile haikuwa shikamoo.

Kwa hiyo hukumu yangu. Supu, nyota tano. Kahawa, tano, hata kama ni ya Bukoba. Chenga, nne, ingawa bado nasema ni chenga. Kijana, moja. Au mbili, kwa ile mikono kifuani, haikuwa ya kuigiza. Ukienda na wazee, nenda asubuhi, na wasithubutu kulaza vijiti popote. Ukienda kunawa, acha mlinzi, na mlinzi asiwe na mtoto mwenye kiatu kimoja.

Simu ya Marangu ilipigwa usiku ule ule, kwa video, ukoo mzima umejazana kwenye kioo. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nasikiliza. Hakuwaambia kuhusu mrehani wala kahawa. Tangu siku hiyo kila ndugu wa mume wangu akinipigia, kabla hata ya kuuliza watoto, anauliza kama ule mkia ulipatikana.