WordPress kwa wapiga picha na wabunifu wa kujitegemea: inafaa, ila usiibebeshe picha mbichi

Inayopimwa hapa ni WordPress ya kusimika mwenyewe, ile inayopakuliwa bure wordpress.org na kuwekwa kwenye seva uliyokodi. WordPress.com ni jambo jingine: huko unakodi kila kitu mahali pamoja na kazi nyingi zitakazotajwa humu wanakufanyia wao. Watu huchanganya hizi mbili, wakafuata maelekezo ya moja wakiwa ndani ya nyingine, na jioni nzima ikaenda na maji.

Programu ipo tangu 2003 na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, kwa hiyo kosa lolote litakalokupata, wapo lililowapata kabla yako na dawa yake inajulikana. Kwa mpiga picha za harusi, mchora nembo au mhariri wa video anayejitafutia wateja, hiyo ni sababu tosha ya kuichagua. Ubaya wake ni kwamba haikuzuii kujiharibia. Lawama nyingi inazotupiwa, kwamba ni nzito, inaanguka hovyo na haipeleki barua, chanzo chake ni mambo matatu: picha, plagini (programu ndogo za nyongeza) na barua pepe.

Picha kwanza, maana kwa kazi zetu ndizo zenye mzigo. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye diski, JPEG yake inaweza kuwa MB 10 tu. Lakini seva ikitaka kuipunguza, lazima kwanza iifungue yote kwenye kumbukumbu, na hapo kila pikseli inakula takribani baiti 4. Milioni 24 mara 4 ni MB 96. Kikomo cha kumbukumbu cha PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, kisipoguswa, ni MB 128, na humo humo WordPress na plagini zake zinataka sehemu yao. Inaposhughulikia picha, WordPress huomba iongezewe hadi MB 256, ila vifurushi vingi vya hostingi (kukodi seva) vya bei ya chini haviruhusu. Ndipo unapoona mstari wa upakiaji ukifika asilimia 100, kisha unatokea ujumbe kwamba seva ina shughuli nyingi au haina uwezo wa kutosha, ujaribu picha isiyozidi pikseli 2560. Mtu akisoma "shughuli nyingi" anaamua kusubiri usiku wa manane. Haisaidii. Picha ile ile itakwama saa nane usiku kama ilivyokwama saa nane mchana, kwa sababu hesabu ya kumbukumbu haijabadilika.

Ikipita, mzigo unabaki. Tangu toleo 5.3 la mwaka 2019, picha moja ya pikseli 6000 inazaa nakala za upana wa 150, 300, 768, 1024, 1536 na 2048, pamoja na ile ya 2560 inayoishia na neno "scaled". Ukijumlisha na ya asili, ambayo inabaki kwenye seva bila mgeni yeyote kuiona, ni mafaili 8. Albamu ya picha 200 ni mafaili 1,600, na kuna themu (miundo ya mwonekano wa tovuti) zinazoongeza vipimo vyao juu ya hivyo. Vifurushi vya seva ya kuchangia, inayobeba tovuti za watu wengi, huwa na kikomo cha idadi ya mafaili, siyo cha GB peke yake. Ndiyo maana unaweza kuambiwa nafasi imejaa huku ukiona GB kadhaa ziko wazi.

Punguza picha kwenye kompyuta yako kabla ya kuipakia: upande mrefu pikseli 2000, JPEG ya ubora wa 80, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni). Lightroom, Photoshop na GIMP zote zinafanya hivyo, na Lightroom inakuhifadhia mipangilio hiyo kwa kazi zijazo. Hapo nakala za 2048 na 2560 hazitengenezwi kabisa, unabaki na mafaili 6, na picha nyingi zitakuwa kati ya KB 300 na 600. Kupakia kwa ubora wa 100 hakuna faida, maana nakala zenyewe WordPress inazibana upya kwa ubora wa 82. Na mteja wako anafungua kwa simu, kwa bando lake. Picha 20 za KB 500 ni MB 10 za fedha yake. Tangu toleo 5.5 la mwaka 2020 picha za chini ya ukurasa husubiri mpaka mtu ateremke, ila mgeni anayetazama albamu atateremka tu, ndicho alichokuja kufanya.

Hiyo sRGB isichukuliwe kuwa pambo. Seva hutumia moja ya vyombo viwili kupunguza picha, Imagick au GD. Imagick inabeba wasifu wa rangi ndani ya nakala, GD inautupa. Ukipakia picha ya Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi, kwenye seva ya GD, ya asili itaonekana vizuri ila nakala zake zitapauka: bibi harusi mwenye gauni jekundu anaonekana kavaa la rangi ya tofali, na ngozi inaingia ukijivu. Kujua seva yako inatumia kipi, nenda Tools, Site Health, kisha Info, ufungue sehemu ya Media Handling na usome mstari wa kwanza.

Sasa plagini. Hapa WordPress inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Tangu toleo 5.2, plagini ikiua tovuti, mfumo unaizuia upande wa utawala na kukutumia barua yenye kiungo cha kuingilia. Mpango mzuri, ila unategemea barua ifike, na kama utakavyoona chini, kwenye seva nyingi haifiki. Kwa hiyo jifunze njia ya mkono. Ingia kwenye paneli ya hostingi, fungua File Manager, nenda wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini unayoishuku. Ongeza tu neno "-zima" mwishoni. WordPress isipoikuta folda kwa jina lake, inaiacha. Kama hujui ni ipi, usibahatishe. Fungua wp-config.php, faili la mipangilio, na juu ya mstari unaosema uache kuhariri weka hii mitatu:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Fungua tovuti tena, kisha usome faili la debug.log ndani ya wp-content. Mstari wenye "Fatal error" unataja njia nzima ya faili lililokosea, na jina la folda ya plagini limo ndani yake. Ukimaliza rudisha WP_DEBUG kuwa false na ulifute hilo faili, kwa sababu mahali lilipo mtu yeyote anaweza kulisoma kwa kivinjari.

Anguko kubwa huja pale kampuni ya hostingi inapopandisha PHP kutoka 7.4 kwenda 8 na plagini yako ya albamu haijaguswa na mwenyewe kwa miaka mitatu. Kabla ya kusakinisha plagini yoyote, angalia tarehe ya mwisho iliposasishwa. Nyota na idadi ya watumiaji vifuate baadaye. Kuna kero nyingine ndogo inayotisha kuliko inavyostahili: unasasisha, mtandao unakatika au unafunga ukurasa, na tovuti inabaki na tangazo kwamba iko kwenye matengenezo. Hilo ni faili linaloitwa .maintenance kwenye folda kuu. Baada ya dakika 10 WordPress yenyewe inalipuuza. Ukiwa na haraka lifute, ila kwanza ruhusu File Manager ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Kisha rudia kusasisha, maana plagini iliyokatikia njiani inaweza kuwa nusu mpya, nusu ya zamani.

Themu za kulipia zilizovunjwa, zile zinazogawiwa bure kwenye magrupu, tusizungushe: usiguse. Nyingi zinakuja na mlango wa nyuma wa kuingilia wadukuzi, na utakuja kuujua siku Google itakapoonyesha jina lako likiuza vidonge na kamari.

Barua pepe ndiyo shida inayokula kazi za watu bila kelele. Mteja anajaza fomu, anaambiwa ujumbe umetumwa, na kwako hakiingii kitu. Anahesabu kuwa umempuuza, anakwenda kwa mwingine. Chanzo ni kwamba WordPress ikiachwa ilivyo inatuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva, kwa jina la wordpress@ pamoja na domeni yako (jina la tovuti), bila kujithibitisha. Gmail, tangu Februari 2024, inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni inayotajwa. Wengine huharibu zaidi kwa kuiweka anwani ya mteja kwenye nafasi ya From (mtumaji), ili wakibonyeza kujibu iende kwake. Sasa seva yako inajifanya Yahoo au Gmail, na Yahoo tangu 2014 imeagiza barua za namna hiyo zikataliwe.

Fungua sanduku la barua kwenye domeni yako. Sakinisha plagini ya SMTP, njia ya kutuma barua kwa kujithibitisha, ujaze seva ya barua, mlango 587 wenye TLS au 465 wenye SSL, na neno la siri la hilo sanduku. From iwe sanduku lako. Anwani ya mteja ikae kwenye Reply-To, na ukijibu itakwenda kwake bila shida. Kwenye DNS, mipangilio ya domeni yako, hakikisha kuna rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, zote zinahesabika batili, na hili linawapata sana waliounganisha huduma ya jarida la barua na kubandika rekodi ya pili badala ya kuongeza "include" ndani ya ile ya kwanza. Halafu jaribu: tuma kwa fomu kwenda Gmail, fungua barua, chagua Show original. SPF na DKIM zote ziandike PASS.

Mengine ni mepesi. Ukurasa wa mwanzo unafunguka na kurasa za ndani zinaleta 404 (ukurasa haupo)? Settings, Permalinks, Save Changes bila kubadili chochote; kwenye seva ya Apache hiyo inaandika upya .htaccess. Mteja anasema haoni mabadiliko? Futa kashe (nakala za muda) ya plagini, kisha ya hostingi, na yeye afungue kwa dirisha la faragha. Maoni yazime yote. Ukurasa wa kuonyesha kazi hauhitaji barua taka.

Nakala ya akiba ina vipande viwili, folda ya wp-content na hifadhidata, na kimoja bila kingine hakikurudishii tovuti. Plagini ya UpdraftPlus ya bure inavipeleka vyote Google Drive kwa ratiba. Nakala iliyo kwenye seva ile ile usiihesabu.

Kulinganisha na Wix au Squarespace: wao wanakuondolea karibu kazi yote ya hapo juu, kwa malipo ya kila mwezi au mwaka kwa kadi, na Wix hairuhusu kuibeba tovuti uliyojenga ukaiweke kwenye seva nyingine. WordPress unaihamisha siku yoyote ukichoshwa na kampuni. Kama unataka picha 12 na namba ya WhatsApp, Behance (tovuti ya kuonyesha kazi za ubunifu) au ukurasa mmoja wa bure unatosha, usijitwishe seva. Ukiwa na albamu za wateja, bei, na maandishi unayotaka Google iyaone, hapo WordPress inajilipa, ilimradi utenge saa moja kila mwezi ya kusasisha, kujaribu fomu na kuangalia nakala.

Unapolipia, domeni iandikwe kwa jina lako, siyo la fundi, iwe .com au .co.tz au .co.ke. Na barua pepe ya usajili isiwe ya domeni hiyo hiyo: ikiisha muda, tangazo la kuilipia litatumwa kwenye sanduku ambalo nalo limezimika.