Kabla Hujanunua Pasi, Igeuze Uangalie Matundu

Asubuhi ya Idi, wakati takbira zinasikika msikitini, kanzu nyeupe ya mume wangu ilipata madoa matatu ya kahawia kifuani. Nilikuwa nimeifua mwenyewe jana yake, nikaitia wanga, ikakauka vizuri kambani. Pasi ya mvuke, ya miezi minne tu, ndiyo iliyoitemea. Alikwenda kuswali na kanzu ya zamani, nami nilibaki na uchungu siku nzima.

Habari za wati, rangi na urefu wa waya sizigusi. Hizo zimeandikwa kwenye boksi. Mimi nataka uangalie matundu ya chini. Dar es Salaam wengi tunatumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi. Maji yakichemka ndani ya pasi, kinachotoka ni mvuke, chumvi na chokaa vinabaki, kama ule ukoko mweupe wa kwenye birika. Ukoko huo ukichanganyika na kutu, njia yake ni kwenye matundu. Tena kanzu nyingi siku hizi ni za poliesta, zinataka joto la chini, ile alama ya nukta moja kwenye kirekebisha joto cha pasi, kama nyuzi 110 hivi. Kwa joto hilo maji hayawahi kugeuka mvuke. Yanadondoka na uchafu wake.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Philips kavu ya wati 1000. Haina tundu hata moja, basi haina cha kutema. Ya mama yangu ina miaka tisa, na fundi amebadilisha waya mara moja tu. Nguo ikiwa ngumu, unainyunyizia maji kwa vidole kama walivyofanya madobi siku zote.

Namba mbili ni ya mvuke, lakini kwa mwenye maji ya bomba yasiyo na chumvi. Hakikisha mvuke unafungika kabisa, na ukimaliza kazi mwaga maji yote pasi ikiwa bado ya moto.

Namba tatu ni ya mkaa, ile ya jogoo. Bibi alikuwa akiipitisha kwanza juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze, na umeme ukikatika bado ndiyo mkombozi. Itumie nje, maana hewa ya mkaa ndani ya chumba inaua.

Zile nyepesi za bei ya chini, zenye plagi ya pini mbili, zinakosa ethi, yaani waya wa kukukinga usipigwe na umeme. Siziweki kwenye orodha.

Sasa wauzaji. Wanakuchomekea pasi, taa inawaka, "dada, nzima hii, chukua." Ukiomba itiwe maji ijaribiwe juu ya kitambaa cheupe, wanakataa. Ukirudi na madoa unaambiwa umetumia maji mabaya. Mbona hawakusema kabla ya kupokea hela? Na hizo kavu nzuri wameziondoa mbele, rafu zote ni za mvuke, za bei mara mbili. Nilizunguka maduka sita Kariakoo. La saba, kijana aliinama akatoa Philips kavu chini kabisa ya rafu, boksi limejaa vumbi, akataja elfu hamsini na tano. Sikuomba apunguze.