St. Patrick's Iten: tathmini kwa mzazi anayemtafutia kijana nafasi

Wazazi wengi wanaouliza kuhusu shule ya upili ya wavulana ya St. Patrick's, Iten, Kenya, huanza na swali moja: mtoto wangu atatoka huko mkimbiaji? Ni swali la haki, maana ni shule chache mno duniani zilizotoa wanariadha wa kiwango cha Olimpiki kama hii. Hata hivyo tungependa mzazi aanze kwingine. Ubora wa shule hii ulijengwa na maisha ya bweni yenye mpangilio na mwalimu asiyekuwa na haraka. Medali zilikuja kwa sababu ya hayo mawili, na kijana asiyekimbia kabisa bado anaweza kufaidika nayo.

Historia yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Shule ilianza mwaka 1961 chini ya Mabruda wa Mtakatifu Patrick, shirika lililoanzishwa mwaka 1808 huko Tullow, Ireland, na Askofu Daniel Delany. Mwaka 1976 akaja Bruda Colm O'Connell kutoka Cork kufundisha Jiografia, akitarajia kukaa kwa muda mfupi tu. Hakuwa amesomea ukocha. Aliyekuwa akishughulikia riadha ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa Jiografia, naye akajifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe wanavyokimbia.

Matokeo yake utayaona kwenye miti. Ndani ya ua kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliofika kilele cha riadha, na vibao vyenye majina. Tembea pole ukisoma. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na ya Boston mwaka uliofuata, kisha akaishinda Boston tena 1991 na 1992. Peter Rono, dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Wilson Kipketer, aliyekuja kuikimbilia Denmark na kuweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:41.11, mwaka 1997. Rekodi hiyo ilivunjwa na David Rudisha, ambaye naye alinolewa na Bruda Colm. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano anayepita hapo kila siku, majina hayo yana uzito ambao hotuba ya mwalimu mkuu haiwezi kuufikia.

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotoka. Watu hudhani siri ya Iten ni kukimbia kilomita nyingi. Njia iliyokuzwa hapa kwa vijana ni kinyume chake: kilomita chache, mbio nyepesi, na muda mwingi wa kurekebisha jinsi mwili unavyosogea. Vijana hupangwa mstari kwenye nyasi na kurudia hatua fupi za kuinua goti na kushusha mguu. Kocha huangalia mambo manne: umakini wa akili, mkao wa mwili, uthabiti wa kiwiliwili, na mguu kugusa ardhi kwa wakati wake. Ukisimama kando utaelewa haraka. Mguu unaotua mbali mbele ya mwili hufanya kazi ya breki, na goti ndilo linalobeba adhabu. Unaotua chini ya nyonga humsukuma mkimbiaji mbele. Mabega yalegee, mikono isivuke katikati ya kifua. Kuna pia zoezi la kukimbia kwa kasi kutoka kona hadi kona ya uwanja, kisha kupumzika kwa kukimbia polepole upande mfupi. Nyasi huokoa miguu. Barabara ya lami huiharibu.

Kosa la kawaida ni la mgeni anayetaka kuonekana. Wiki ya kwanza anafuatana na kundi la wakubwa, wiki ya tatu analalamika maumivu ya mfupa wa muundi, na muhula unaisha akiwa amekaa kando. Mfupa wa kijana anayekua hauwezi kuongezewa mzigo kwa ghafla. Mzazi anaweza kusaidia kwa jambo moja: asimpigie kijana simu kumuuliza ameshinda nani. Amuulize kama analala vizuri.

Kimo cha mahali nacho si cha kupuuzwa. Iten iko ukingoni mwa Bonde la Kerio, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, zaidi ya kilomita 30 kutoka Eldoret. Kijana anayetoka Mombasa au Kisumu atapata oksijeni pungufu katika kila pumzi. Ukilinganisha na pwani, imepungua kwa karibu robo. Siku za kwanza atasikia kichwa kizito, usingizi wa kukatika na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Hilo ni la kawaida. Anywe maji ya kutosha, ale vizuri, na akae bila mazoezi makali kwa siku kumi hadi wiki mbili. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya siku hizo za kwanza, au akianza kukohoa na kuhema akiwa ametulia, apelekwe kwa muuguzi bila kungoja. Mwenye pumu aje na dawa yake na barua ya daktari, maana hewa baridi ya alfajiri huamsha kikohozi.

Baridi yenyewe ndiyo huwashtua wageni kuliko mbio. Usiku wa Julai si mchezo. Blanketi moja la dukani halitoshi. Peleka mawili mazito, sweta ya ziada ya rangi ya shule, soksi za sufi na koti la mvua. Mvua za Aprili na Mei hufanya udongo mwekundu ushike kila kitu, kwa hiyo gambuti zina kazi. Sanduku la bati liwe na komeo imara na kufuli lenye funguo mbili, moja ibaki kwa mwalimu wa bweni. Jina lishonwe kwa uzi kwenye kila nguo, kwani wino hufutika baada ya kufuliwa mara chache. Viatu vya mbio visinunuliwe vikubwa eti mguu utakua: kidole gumba kiache nafasi ya upana wa kidole kimoja, basi. Kiatu kinachocheza mguuni huleta malengelenge, na kijana mwenye malengelenge hubadilisha hatua bila kujua.

Chakula cha bweni katika shule nyingi za Kenya ni uji au chai asubuhi, githeri mchana, ugali na mboga jioni. Kwa kijana wa kawaida kinatosha. Kwa anayefanya mazoezi kila siku ni chembamba upande wa protini, na mzazi aulize mapema shule inawaongezea nini wanamichezo na kama maziwa yanaruhusiwa.

Kuhusu imani: hii ni shule ya umma yenye mfadhili Mkatoliki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili nafasi tatu kwenye bodi ya usimamizi na jukumu la malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde imani ya wanafunzi wa madhehebu mengine. Misa na sala ni sehemu ya maisha ya kila siku, na tarehe 17 Machi, sikukuu ya mtakatifu msimamizi, ina uzito wake. Mzazi Muadventista au Mwislamu asiogope, ila asinyamaze: aandike dini ya mtoto kwenye fomu na aulize waziwazi kuhusu mitihani ya Jumamosi, chakula na muda wa sala. Mambo haya yakizungumzwa siku ya kuripoti huisha vizuri. Yakiachwa hadi katikati ya muhula huleta uchungu usio na sababu.

Karo isikuchanganye. Wizara ya Elimu imeweka viwango: shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za bweni za kiwango cha juu, na 40,535 kwa bweni nyingine. Malipo hugawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo muhula wa kwanza ndio unaouma. Linganisha barua ya kujiunga na viwango hivi, kisha uliza maelezo ya kila kinachozidi. Pesa zilipwe kwenye akaunti ya shule, usimpe mtu mkononi.

Udhaifu mkubwa tunaouona ni wa jina lenyewe. Iten ya leo imejaa kambi za wakimbiaji nje ya ua, wageni wa kigeni barabarani na mawakala wanaotafuta vipaji. Kijana wa miaka kumi na saba akiona aliyeacha shule ananunua gari, hesabu zake hubadilika. Mwambie ukweli: Hussein alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico na Rono akasoma Mount St. Mary's huko Maryland. Ufadhili wa vyuo vya Marekani huangalia alama pamoja na muda wa saa, na aliyefeli mtihani haingii hata akikimbia kama upepo. Mashindano nayo hula siku za darasani, kuanzia kaunti ndogo, kaunti, kanda hadi taifa. Uliza ni nani hufidia vipindi hivyo, na uombe kuona ratiba, kwani ahadi ya mdomo haitoshi. Kambi za likizo za Aprili na Desemba, ambazo Bruda Colm alizianza mwaka 1989, zilisaidia kwa sababu hiyohiyo: mazoezi mazito yanafanyika shule zikiwa zimefungwa.

Gredi 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia shule za upili Januari 2026, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo sasa ni chaguo rasmi kando ya sayansi na masomo ya jamii. Kabla ya kujaza chaguo, thibitisha shule imeidhinishwa kwa mikondo gani na ina walimu wangapi wa masomo atakayochukua kijana. Anayependa Fizikia asisukumwe kwenye michezo kwa sababu tu shule ni Iten.