Spika ya kabati la zamani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la spika Kampala na kusema unataka ya inchi 8, kuna uwezekano mkubwa utaletewa ya gari. Muuzaji ataifuta vumbi, ataigeuza uone ukubwa wa sumaku, kisha atakuambia, "Bosi, hii ni wati mia tano." Usitoe pesa bado. Kwa kabati la radiogramu, lile la mbao lenye santuri juu na kitambaa mbele, wati zilizoandikwa kwenye karatasi ndiyo habari yenye faida ndogo kuliko zote.

Makabati mengi ya miaka ya 1960 yalitumia spika moja ya fulirenji kila upande: koni moja ya karatasi inayoimba besi, sauti ya mwimbaji na makali ya gitaa, mara nyingi ikiwa na koni ndogo ya pili katikati kusaidia sauti za juu. Ndani hakuna twita (spika ndogo ya sauti za juu tu) wala kifaa cha kugawa sauti. Kwa hiyo ukikosea spika hiyo moja, umekosea muziki wote.

Kabla ya kuuliza bei, pima vitu vitatu nyumbani.

La kwanza ni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Chomoa waya za spika ya zamani, weka mita kwenye miguu yake. Spika ya omu 4 itasoma kama 3 hadi 3.5, ya omu 8 itasoma 6 hadi 7, zile za Kiingereza za omu 15 au 16 zitasoma 11 hadi 13. Isiposoma kitu, koili, yaani waya uliosokotwa unaoisukuma koni, imekatika. Tafuta namba iliyochapwa nyuma ya sumaku au kwenye mchoro wa redio. Hapa nina onyo moja kubwa. Baadhi ya redio za valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) za Philips za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia spika za omu 800, kwa sababu hazikuwa na transfoma ya kutolea sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika. Ukifunga ya omu 8 moja kwa moja kwenye redio kama hiyo utaiharibu. Mita ikikuonyesha mamia ya omu, usidhani mita ni mbovu. Na redio za kabla ya vita vya pili huenda zikawa na spika isiyo na sumaku ya kudumu, bali koili kubwa inayopewa umeme na redio yenyewe. Hiyo huwezi kuibadilisha bila fundi anayejua valvu.

Kwa kuwa tumezitaja valvu: ndani ya redio hizo kuna volti 250 na zaidi, na kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Usiingize mkono kwa haraka. Pia usiiwashe na kuiongeza sauti kabla spika haijafungwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

La pili ni tundu. "Inchi 8" ni upana wa fremu, si wa tundu kwenye ubao, na matundu ya skrubu ya zamani mara nyingi hayalingani na ya leo. Pima tundu, pima umbali wa skrubu na kina mpaka mgongoni. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa pete ya plaiwudi. Seremala yeyote ataikata akikuona umeshika kipimo kamili.

La tatu ndilo watu wengi hulipita: mgongo wa kabati. Je, nyuma kuna ubao ulioziba kabisa, au ni kadibodi yenye matundu? Radiogramu nyingi ziko wazi nyuma. Hilo linabadilisha kabisa ni spika gani inafaa, na ndiyo sababu ya mimi kuandika haya.

Koni ina sauti moja ya chini ambayo hupenda kutikisika nayo yenyewe, na sumaku hufanya kazi kama breki yake. Neville Thiele wa Australia alieleza hesabu za mambo haya mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo maana vipimo vya spika huitwa kwa majina yao. Kimoja huandikwa Qts, nacho huonyesha ukali wa breki hiyo. Sumaku kubwa yenye koni nyepesi huleta breki kali, Qts ndogo, 0.2 au 0.3. Sumaku ya wastani huleta breki laini, 0.6, 0.7 au zaidi. Kabati lililo wazi nyuma hupoteza besi, kwa kuwa hewa ya nyuma inazunguka na kuifuta ya mbele. Spika yenye breki laini hurudisha sehemu ya besi hiyo. Yenye breki kali haina cha kurudisha. Utasikia gitaa safi, mwimbaji safi, na besi kama imeachwa chumba cha pili. Basi sumaku kubwa unayoonyeshwa dukani, ambayo ndiyo imepandisha bei, inaweza kuwa ndiyo itakayokuharibia rumba. Kwa kabati lililo wazi tafuta Qts ya 0.6 kwenda juu. Lililozibwa pande zote linataka 0.4 hadi 0.7. Lenye tundu la kupumulia, 0.2 hadi 0.4.

Sasa nizipange kwa jinsi ambavyo ningenunua mwenyewe.

Ya kwanza: ile ile uliyo nayo

Najua umekuja kutafuta ya kununua. Lakini koili ikiwa hai, spika ya awali ndiyo iliyopimwa kwa kabati lile, na kuitengeneza hugharimu gundi tu. Weka vidole viwili pande mbili za katikati ya koni, sukuma taratibu kwa usawa. Ikienda na kurudi kimya, koili ni salama. Ikikwaruza, imepinda au imejaa uchafu, na hiyo ni kazi ya fundi wa kubadilisha koni.

Kabati la mzee wetu kule Arua lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma kwa miaka mingi. Tulipoligeuza, spika ya kushoto ilikuwa imeng'atwa na panya, tundu la ukubwa wa kidole gumba, lakini ilienda na kurudi bila sauti. Nilipasua mfuko wa majani ya chai, nikamwaga majani, nikakata karatasi yake ile nyembamba yenye nyuzi, nikaibandika nyuma ya tundu kwa gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa na maji, kisha kipande kingine mbele. Nikaacha ikauke usiku kucha. Karatasi ile ni nyepesi na imara, haiongezi uzito kwenye koni. Mpaka leo ile ya kushoto inaimba sawa na ya kulia.

Ya pili: spika ya radiogramu iliyokufa

Huyu ni ndugu wa yule uliyempoteza. Mafundi wa zamani wa Katwe, Jinja na Mbale hurundika mabaki ya redio nyuma ya vibanda, na humo hupatikana spika za inchi 8 au za umbo la yai zenye koni nyepesi ya karatasi na breki laini. Nenda na mita yako. Pima omu, sukuma koni, angalia ukingo: wa karatasi au kitambaa hudumu, wa sponji huoza na kumomonyoka ukiugusa. Nusa pia, karibu na ziwa karatasi hushika ukungu, na koni iliyolainika haina maisha. Chukua mbili zinazofanana hata kama moja ndiyo imeharibika, maana spika mbili tofauti huvuta mwimbaji upande mmoja.

Utakutana na sumaku ndogo nene zinazong'aa kama chuma. Hizo ni alniko, zenye kobalti ndani. Vita vya mwaka 1978 vya jimbo la Shaba (Katanga), hapo jirani Kongo, vilipandisha bei ya kobalti, na watengenezaji wengi wakahamia sumaku nyeusi za feraiti. Alniko hupendwa na huongezewa bei kwa sifa hiyo, lakini usilipe mara mbili kwa ajili ya jina la sumaku. Koni ndiyo unayoisikia.

Ya tatu: spika ya dari

Hii ndiyo mpya ninayoipendekeza kwa mwenye pesa kidogo. Ni zile spika za inchi 8 zinazofungwa kwenye dari za makanisa, misikiti na hoteli: koni nyepesi ya karatasi, koni ndogo katikati, sumaku ya wastani. Kimaumbile ni binamu za spika za radiogramu. Nyingi huja na transfoma ndogo mgongoni kwa ajili ya mitambo ya volti 70 au 100. Iondoe na uunge waya moja kwa moja kwenye miguu ya koili, kisha upime omu upya. Ukipata isiyo na transfoma, afadhali zaidi.

Ya nne: kuagiza nje

Visaton wa Ujerumani wana BG 20, inchi 8, omu 8, koni mbili. Dayton Audio wa Marekani wana PS220-8, nayo inchi 8 na omu 8. Ni spika nzuri na watengenezaji huchapisha vipimo vyote, kwa hiyo Qts utaisoma kabla ya kulipa. Nimeziweka hapa kwa sababu ya uzito: sumaku husafirishwa kwa kilo, halafu kuna ushuru na VAT ya asilimia 18. Jumlisha yote kwanza. Fostex FE206 ya Japani ina sifa duniani, na ni haki yake, lakini Qts yake iko chini sana na iliundwa kwa makabati ya honi. Kwa kabati lililo wazi nyuma, iache.

Ya mwisho: spika ya gari

Nyingi ni omu 4, koni nzito, na zinataka nguvu. Radiogramu ya valvu moja kila upande hutoa wati 3 hadi 5. Spika ya desibeli 84 (kipimo cha ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja) inahitaji nguvu mara 8 ili kufikia sauti ya spika ya desibeli 93, na nguvu hiyo haipo. Mbaya zaidi ni omu: zikiwa chache kuliko za awali, spika huvuta umeme mwingi kuliko radiogramu inavyoweza kutoa. Fundi mmoja aliifungia radiogramu ya transista ya shangazi yangu spika mbili za gari. Ziliimba harusi nzima, na kesho yake transista za kutolea sauti zilikuwa zimeungua, za aina ambayo haipatikani tena kirahisi.

Ukishapata zako, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye miguu ya kila moja kwa sekunde moja. Koni ikiruka mbele, mguu ulioshikwa na chanya ndio chanya. Weka alama kwa kalamu. Funga zote mbili kwa mpangilio mmoja, kaza skrubu kwa kupishana ili fremu isipinde, kisha weka wimbo wa kadongo kamu, gitaa moja na mwimbaji mmoja. Sauti yake ikisimama katikati ya kabati, waya ziko sawa. Ikitawanyika na besi ikapungua, geuza waya za upande mmoja usikilize tena.