Miezi minane nikilala na mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kooni: kipandauso changu na usingizi

Kipandauso ninacho tangu kidato cha tatu. Kikija kinashika upande wa kushoto, nyuma ya jicho, kinagonga sawasawa na mapigo ya moyo. Mwanga siutaki, na harufu ya kitunguu kikikaangwa inanitapisha. Hicho nakijua. Nilichokuwa sikijui ni kile kilichoanza nilipofika miaka 41: naamka alfajiri kichwa kizito pande zote mbili, kama niliyelala na ndoo ya maji kichwani, na ikifika saa nne asubuhi kimeondoka chenyewe. Vyote nikaviita kipandauso, nikavimezea dawa ileile ya maumivu yenye kafeini.

Aliyegundua ni mume wangu. "Mama Salma, unakoroma, halafu unanyamaza kabisa. Nahesabu mpaka kumi na tano ndipo unashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

Daktari wa mishipa ya fahamu niliyemwona Dar es Salaam hakuniandikia dawa siku hiyo. Alinipa kazi ya daftari: mwezi mzima niandike saa ya kulala, saa ya kuamka, kichwa kimeuma upande gani na kwa muda gani, na kila kidonge. Nilipohesabu nilishtuka: siku 19 za vidonge. Akanieleza kuwa dawa mchanganyiko kama ile, ukiitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe inaweza kuzaa maumivu ya kichwa. Akasema pia kuwa haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kupanga usingizi, inahusika kipandauso kinapoanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nikikesha kinanijia, na nikilala mpaka saa tano Jumapili kinanijia vilevile.

Nikapewa kipimo cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, kamrija puani, kibanio cha oksijeni kidoleni. Majibu yakasema pumzi inakatika au kupungua mara 22 kwa saa. Chini ya 5 ndiyo kawaida. 15 hadi 30 ni kiwango cha kati.

Sasa mashine ya kutibu pumzi hiyo inayokatika. Wengi wanadhani inatoa oksijeni, lakini sivyo. Inasukuma hewa ya kawaida kupitia barakoa ili koo lisijifunge ukiwa usingizini. Mama mkwe aliogopa kwamba nafanyiwa majaribio, nikamtuliza kwa kumwambia kuwa tiba hii ilitangazwa na watafiti wa Australia tangu 1981.

Wiki mbili za kwanza nililia. Barakoa ilivujisha hewa machoni, mikanda ilibana misuko mpaka ngozi ikauma, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha vile vidonge, kichwa kilizidi. Kilichonisaidia ni kubadilisha barakoa kubwa kwa ndogo ya pua na kufunga kitambaa laini kichwani kabla ya mikanda. Tena nilianza kuivaa jioni nikiwa macho, nikisikiliza redio, mpaka mwili ukaizoea. Kwenye kitangi cha unyevu weka maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa ili yasiwe na chumvi. Ya kisima chetu yana chumvi, yaliacha ukoko mweupe ndani ya siku nne.

Wiki ya tatu ile ndoo ya alfajiri ikaondoka, na mpaka leo haijarudi nikiwa na mashine. Kipandauso chenyewe hakijaisha: kwenye daftari kimeshuka kutoka siku tisa kwa mwezi hadi nne, na karibu na hedhi bado kinakuja. Nadhani kuacha vidonge kumechangia kama mashine yenyewe. Kwa hiyo muuzaji aliyeniambia "hii inaponya kipandauso" hakunitendea haki, na namwomba yeyote asiinunue kabla ya kupimwa usingizi. Mwenye kipandauso ambaye pumzi yake haikatiki atapoteza fedha nyingi bure. Mimi bima haikulipa hata senti.

Kasoro kubwa ni umeme, maana niliyouziwa haina betri. Wiki iliyopita ulikatika saa saba usiku, nikaamka barakoa imekaa kimya usoni, nikaivua nikalala hivyohivyo. Asubuhi nikaandika kwenye daftari: kichwa, pande zote mbili, mpaka saa nne. Betri nimeshaagiza.