Koilova za kuchomelea kwenye Datsun 240Z: zinunue, ila usiishushe gari sana

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma mistari mitatu tu na kwenda. Seti yenyewe ya koilova, yaani springi na shokapu zilizounganishwa na kurekebishika kimo, ni nzuri, karatasi ya maelekezo ni aibu, na sehemu kubwa ya matokeo utakayoyapata haimo kwenye boksi, imo mikononi mwa fundi wa kuchomelea. Nimefunga mzigo huu hapa Arusha, nimeutembeza kwenye lami na kwenye vumbi, na leo naweza kuusema kwa mazuri na mabaya yake.

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, injini yake ileile ya L24 ya silinda sita na kabureta mbili. Niliinunua Nairobi shokapu zote nne zikiwa zimekufa. Mwenye gari wa kabla yangu, au aliyekuwa kabla yake, alizikata springi za nyuma kwa grinda ili gari ishuke. Ikashuka kweli. Kila ikipita kwenye tuta ilikuwa inadunda juu ya mpira wa mwisho wa shokapu, na abiria akasikia kishindo mpaka kwenye meno.

Kwa asiyeijua gari hii chini: mbele ina miguu ya aina ya MacPherson, na nyuma pia kila tairi lina mguu wake, hakuna ekseli ya kipande kimoja. Kila mguu ni bomba la chuma lililoshikana moja kwa moja na kipande kinachobeba habu, kitovu ambacho tairi linafungwa. Shokapu inaingia ndani ya bomba na kufungwa juu kwa nati kubwa. Nje ya bomba kuna sahani iliyochomelewa kiwandani, na springi inakalia hapo. Sahani haisogei. Ukitaka kubadili kimo cha gari unabadili springi, au unaikata kama yule bwana.

Kwenye gari nyingi za siku hizi mguu wa mbele unafungua bolti mbili chini na nati tatu juu, unautoa, unaweka mwingine, unakunywa chai. 240Z haina bolti hizo za chini. Ndiyo maana koilova zake zinakuja za kuchomelea: bomba la asili linakatwa, kinabaki kisiki kifupi, na kwenye kisiki linachomelewa bomba jipya lenye meno ambamo mwili wa koilova unasokotwa. Ukishakata, umekata. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hata ya kuuliza bei, ni kutafuta miguu mingine mitupu, hata iwe na kutu, uikate hiyo na ile ya asili uiweke stoo. Mimi nilipata seti ya miguu kutoka kwenye gari iliyogongwa, na ya kwangu iko juu ya kabati imepakwa grisi. Angalieni tu kwamba mabomba ya 240Z ni membamba kuliko ya 280Z, toleo la baadaye. Seti ya gari moja hailali vizuri kwenye nyingine, na wauzaji wengine hawaulizi una ipi.

Seti niliyoagiza imetengenezwa Taiwan. Bei ilizidi dola elfu moja kabla ya usafiri na ushuru, na ushuru sitaki kuuzungumzia kabla ya kula. Nilipofungua boksi nilifurahi. Meno ya mabomba yamekatwa safi, rangi imeshika, springi zimeandikwa namba zake, na juu kila mguu una kirungu cha kuongeza au kupunguza ugumu kwa kliki. Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba kimo kinarekebishwa chini, kwa kuusokota mwili mzima wa shokapu ndani ya bomba, bila kuikaza springi. Gari inapanda au kushuka, lakini mwendo wa shokapu unabaki uleule. Yule wa grinda aliipunguzia springi urefu akaacha bomba refu vilevile, basi shokapu ikawa inafika sakafuni kabla ya kazi kuanza. Hapa bomba linafupishwa pamoja na shokapu yake. Hiyo ndiyo hoja ya kununua kitu hiki, na hata kama nisingesogeza kimo sentimita moja bado ingenitosha.

Karatasi ya maelekezo sasa. Ukurasa mmoja, picha za giza, na kipimo cha kisiki ambacho hakisemi kinaanzia wapi: kwenye ukingo wa kile chuma cha kusubu kinachobeba habu au chini yake? Niliwaandikia wauzaji. Wakanijibu kwa kunitumia ukurasa uleule. Tuliamua kwa kuweka mguu wa zamani na mpya sambamba mezani na kupima mwendo wa shokapu pande zote mbili, juu na chini, kabla grinda haijagusa kitu.

Halafu kuna pini ya nyuma. Mwenye 240Z yeyote akisoma hapa atatabasamu kwa uchungu. Mguu wa nyuma umeshikwa kwenye mkono wa chini kwa pini ndefu inayopita ndani ya chuma chote cha mguu, na katikati yake kuna kipini kidogo cha kuizuia isizunguke. Gari ya miaka hamsini, pini hiyo na chuma vimekuwa kitu kimoja. Tulitia mafuta ya kulainisha kutwa, tukapasha moto, tukapeleka kwenye presi ya gereji ya jirani pale Unga Limited. Pini ya kulia ilitoka kwa mlio kama bunduki. Ya kushoto ilikataa kabisa, ikakatwa. Msipange kazi hii bila pini mpya mbili na bushi mpya mkononi, kwa sababu bushi za mpira hazitoki salama baada ya vita hivyo. Na hili siilaumu seti, ni mambo ya gari yenyewe.

Kuhusu kuchomelea, nilizunguka mjini kabla ya kumpata mtu. Mafundi wa kuchomelea tunao wengi, ila wengi mkono wao umezoea mageti na madirisha. Niliyempata ni kijana wa miaka thelathini hivi, mkimya, ana mashine ya TIG, ya kuchomelea kwa umeme chini ya gesi, na mtungi wa gesi hiyo ya argoni, kazi yake ya kila siku ni matangi ya maziwa. Nilimuuliza atachukua muda gani.

"Mzee, kuchomelea ni kazi ndogo," akaniambia. "Kusafisha ndiyo kazi. Hilo bomba limekaa na mafuta tangu mimi sijazaliwa."

Na kweli, siku nzima ilikwenda kwenye kusafisha. Habu, beringi, sili na paipu za breki zilitolewa zote, maana moto unasafiri na sili ya mpira haina subira. Bomba likaoshwa ndani na nje mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Akasaga ukingo wa kisiki na ukingo wa bomba jipya kwa mshazari ili chuma cha kuchomelea kizame hadi ndani, badala ya kukaa juu kama mapambo. Kisha akalaza vipande vyote kwenye chuma cha pembe kilichonyooka, akavibana, akashika nukta nne, akapima kwa skwea, akageuza, akapima tena. Alichomelea vipande vifupifupi, kimoja upande huu, kingine upande wa pili, ili moto usilivute bomba likapinda. Msaidizi wake alileta ndoo ya maji apooze. Alifukuzwa na ndoo yake. Chuma kiliachwa kipoe chenyewe chini ya karai la mchanga mkavu.

Sikubishana naye bei. Mguu wa tairi ukikatika katika mwendo wa kilomita mia kwa saa hakuna wa kumdai. Nawaona watu mitandaoni wakichomelea mabomba haya kwa mashine ndogo ya nyumbani huku wamevaa ndala, na nawaombea.

Jambo moja dogo ambalo seti ilisahau: mguu wa asili una kikono kidogo kinachoshikilia hosi ya breki isiguse tairi. Kwenye mabomba mapya ya nyuma hakikuwepo. Fundi alikikata kwenye bomba la zamani akakihamishia. Kama fundi wako hakijui, hosi itasuguliwa na rimu kimyakimya mpaka ipasuke. Kwa bidhaa ya bei hii, kipande cha bati cha ukubwa wa kidole wangeweza kukiweka.

Baada ya kufunga kila kitu, vijana wa gereji walisimama wakingoja niishushe. Mmoja hakuvumilia: "Mzee, mbona umeiacha juu? Hii si koilova?"

Nilimwambia akaangalie picha za Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Zile gari zilisimama juu, tumbo likiwa mbali na mawe, na hizo ndizo zilizoleta jina la gari hii katika nchi zetu. Aliyezitengeneza alitaka tairi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Leo tunanunua vifaa ghali ili tairi lisipate nafasi hiyo.

Ipo sababu ya kiufundi pia. Mkono wa chini wa mbele ukiwa karibu na usawa, gari inatulia. Ukiishusha sana, mkono unaelekea juu, tairodi, vyuma vinavyosukuma matairi yapinde, zinapata pembe mbaya, na kila ukikanyaga shimo stelingi inajigeuza yenyewe kidogo. Dawa yake ni vipande vya kuongeza urefu, vinavyokaa kati ya mguu na mkono wa stelingi. Nyuma nako mashafti yanayotoka kwenye difu yana krosi, viungo vya kukunjika, na krosi hazipendi pembe kali. Tena kiwandani upande wa nyuma haukupewa marekebisho yoyote ya mlalo wa tairi. Ukishusha, matairi yanalala kwa juu kuelekea ndani na yanaliwa upande mmoja. Mimi nimeshusha kama sentimita tatu chini ya kimo cha asili, basi. Mbele nimelaza matairi digrii moja na nusu kwa kutumia sahani za juu zinazosogea, zile zinazofunga mguu kwenye bodi, nyuma nimeacha yalivyojikuta.

Barabarani je? Kwenye njia mbili kati ya Sakina na Tengeru gari imekuwa nyingine kabisa. Zamani ukibadilisha njia ilikuwa inafikiria kwanza, inaegemea, ndipo inakwenda. Sasa ukigusa usukani pua imeshafika. Breki ukizikanyaga haiinamishi kichwa. Springi nilizochagua ni za kilo 4 kwa milimita, yaani kilo nne kuibana milimita moja, wakati za asili hazifiki hata 2, kwa hiyo nilitarajia kupigwa mgongo. Sikupigwa kama nilivyodhani. Shokapu nzuri inaisamehe springi ngumu. Shokapu iliyokufa haisamehe hata springi laini. Kirungu nimekiweka karibu na upande wa laini, na nikienda Moshi naongeza kliki chache. Ukikaza hadi mwisho gari inarukaruka kwenye rasta za Usa River mpaka redio inabadili stesheni.

Faida nyingine ambayo sikuinunulia ni kwamba springi hizi ni nyembamba kuliko za asili, na ile sahani pana haipo tena, kwa hiyo kati ya tairi na mguu kumepatikana nafasi. Nimefunga rimu pana kidogo bila kugusa mabodi.

Kwenye vumbi ndipo alama zinapungua. Sahani za juu za mbele zina beringi ya chuma ya mviringo badala ya mpira. Hiyo inakupa stelingi kali, na inakupa kelele. Baada ya safari ya Monduli kupitia njia ya udongo zilianza kugonga, kwanza kidogo, halafu kila tuta. Kuosha na hewa ya kompresa kunasaidia kwa wiki chache. Meno ya mabomba nayo yanajaa vumbi la volkano, likipata mvua linakuwa saruji, na zile spana mbili nyembamba zilizokuja kwenye boksi zilipinda siku ya kwanza. Mkerezaji amenitengenezea moja ya chuma cha maana. Kila baada ya kuosha gari napiga brashi, napaka grisi nyepesi ya silikoni. Asiye na moyo wa kufanya hivyo aziache tu kabisa.

Nani anunue? Mwenye gari ya kupeleka lami, miguu ya asili imeshaharibika au anayo ya akiba, na anamjua fundi ambaye angemwamini atengeneze mguu wake wa kulia. Huyo anunue, aagize springi laini kuliko anazoshauriwa na watu wa Marekani na Ulaya, maana wao wanaongelea barabara zao. Mwenye 240Z nzima ambayo haijaguswa, tafadhali usiikate. Ipe shokapu mpya za kuingiza ndani ya bomba lake, bushi mpya na springi za kiwango cha kiwandani, utalipa chini ya nusu na gari itabaki na chuma chake.

Mimi zangu za mbele nimeshazishonea soksi za raba za kuzuia vumbi, kutoka kwenye tyubu ya lori. Za nyuma nitazivika nikishapata tyubu nyingine, na nimeagiza sahani za juu zenye mpira ili kule kugonga kwa mbele kuishe.